Friwili ya Baba Mkwe

Spoki tatu za gurudumu la nyuma zilikatika kwa mpigo, zote upande wa cheni, na tangu siku hiyo nyumba yetu ya Magomeni, Kilosa, ikawa na pande mbili. Upande mmoja alisimama mume wangu, aliyetaka gurudumu likatwe na linunuliwe jingine. Upande wa pili alisimama mama mkwe, aliyesema gurudumu la marehemu mumewe halikatwi na mtu yeyote maadamu yeye bado anapumua. Mimi nilikuwa katikati, kwa sababu baiskeli ile ndiyo inayopeleka mahindi mashineni, ndiyo inayoleta maji siku bomba likikauka, na ndiyo inayompeleka kijana wetu wa kwanza shule. Ikilala baiskeli, mizigo yake yote inahamia kichwani kwangu.

Chanzo kilikuwa gunia la mpunga. Baba watoto alilifunga kwenye keria akitoka shambani, akapanda tuta la reli bila kushuka, na pale juu, anavyosimulia mwenyewe, akasikia ta! ta! ta! chini yake. Alipofika nyumbani ringi lilikuwa linayumba na kugusa uma kila mzunguko, na tairi limeshaanza kuliwa ubavuni.

Kukatika kwa spoki si msiba. Msiba ni mahali zilipokatikia. Gurudumu la nyuma la hizi baiskeli kubwa za inchi 28 lina spoki 40, na la mbele lina 32. Za nyuma ni nyingi kwa sababu huko ndiko mzigo unakokaa na ndiko cheni inakovuta. Nusu ya zile 40 zinaanzia upande wa kulia wa habu, na hapo hapo kulia ndipo friwili, lile duara la meno linalovutwa na cheni, ilipofungwa. Spoki inapitishwa kwenye tundu la habu kutokea ubavuni, na friwili imekaa mbele ya matundu yale kama mlango uliofungwa. Spoki ya kushoto ikikatika, kijana yeyote wa kijiweni anaibadilisha huku anapiga soga. Ikikatika ya kulia, friwili lazima itoke kwanza.

Fundi wa kwanza tuliyempelekea aliinua gurudumu, akaizungusha friwili kwa kidole, akasikiliza, akatikisa kichwa. Alisema chuma kimeshashikana na chuma. Ushauri wake ukawa tukate spoki zote, ringi litoke, habu itupwe, kisha tutafute gurudumu zima dukani. Mume wangu akaona ni maneno ya mtu mwenye akili. Akarudi nyumbani anahesabu hela.

Mama mkwe alikuwa barazani anachambua mchele. Hakupandisha sauti.

"Mwanangu, baba yako aliinunua hii baiskeli kwa mkonge," alisema. "Unajua mkonge wewe?"

Baiskeli yenyewe ni Phoenix ya Kichina, kutoka Shanghai. Baba mkwe aliinunua akiwa mkata mkonge huko Kimamba, miaka ile TAZARA ilipokuwa inajengwa. Reli ile ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo wa China usio na riba, na gharama zake za hapa nchini zililipiwa kwa kuuza bidhaa za Kichina madukani. Ndiyo maana nyumba nyingi za rika la mama mkwe zina kumbukumbu za mabakuli, tochi na termosi za Kichina. Yeye anaikumbuka siku Phoenix ilipoingia uani ikiwa bado imevikwa karatasi kwenye fremu, na anamkumbuka mumewe akiizunguka kwa dakika nyingi bila kuipanda. Kwa hiyo mtu anaposema "tupa habu", mama mkwe anasikia kitu kingine kabisa. Nami nakiri namwelewa. Habu ile ni chuma kitupu, kinene, na sijaona ya namna yake kwenye magurudumu yanayouzwa sasa.

Kuna jambo la pili, la mafuriko. Mwishoni mwa Desemba 2009 na kuingia Januari 2010 Mto Mkondoa ulivunja kingo zake ukaingia Kilosa. Maelfu ya watu walikosa makazi, na reli ya kati ikakatika kati ya hapa na Gulwe, hata treni zikasimama. Sisi tulikimbia na watoto na godoro moja. Baba mkwe, kabla hajaondoka, aliifunga Phoenix kwa kamba kwenye mwembe wa nyuma ya nyumba isije ikasombwa. Tuliporudi tuliikuta imesimama vile vile, tope limeizika hadi juu ya habu. Mzee aliiosha, akaipaka mafuta cheni na gololi, akaendelea kuiendesha mpaka nguvu zilipomwishia. Mahali ambapo mkono wake haukufika ni kwenye uzi wa friwili. Hapafikiki. Maji ya Mkondoa yalifika, yakakaa humo, yakageuka kutu.

Lakini kutu peke yake haingetusumbua hivyo. Friwili imefungwa kwenye habu kwa uzi, kama nati, nyuzi 24 kwa kila inchi moja, nyembamba sana. Na uzi ule umekatwa kwa namna ambayo kila ukikanyaga pedeli, cheni inazidi kuikaza. Hakuna fundi anayeikaza kwa spana. Anaizungusha kwa mkono mpaka igote, na kazi iliyobaki inafanywa na miguu ya mwenye baiskeli. Hesabu mwenyewe, basi. Kila gunia la mahindi, kila dumu la maji, kila mgonjwa aliyebebwa kwenye keria kupelekwa hospitali, kila mlima aliousimamia baba mkwe kwenye pedeli akitoka Kimamba, ulikuwa unaikaza friwili ile kidogo zaidi. Ilikuwa imekazwa na maisha yote ya nyumba.

Baba watoto alianza na tindo na nyundo. Friwili ile ilikuwa ya zamani, yenye mapengo mawili madogo mdomoni, yaliyowekwa kwa ajili ya ufunguo maalumu. Ufunguo wenyewe hatukuwa nao, na hakuna fundi wa mtaani aliyekuwa nao. Akaegesha ncha ya tindo kwenye pengo moja, akapiga kuelekea kinyume cha saa. Chuma cha friwili ni kigumu, lakini mdomo wa pengo ni mwembamba; ukaanza kuvimba na kulika, na tindo ikawa inateleza. Mama mkwe alihesabu kila pigo kwa macho.

Jirani yetu akaja na wazo la kushika meno ya friwili kwa kipande cha cheni na bomba refu, wavute kwa nguvu. Hapa ndipo nilipokaa chini nikatazama vizuri, maana nilishachoka kusikia nguvu, nguvu. Nikaizungusha friwili mbele, ikashika gurudumu. Nikaizungusha nyuma, ikaenda bure, tiki-tiki-tiki. Nikamwuliza jirani, "Inafunguka kwenda wapi?" Akasema, kwenda nyuma. Basi ndiyo hivyo. Upande inaofungukia ndio huo huo inaokwenda bure. Ukishika meno na kuvuta nyuma hata kwa trekta, meno yanazunguka tu na sehemu ya ndani, ile yenye uzi, haijui kama kuna mtu anahangaika nje. Kifaa kimetengenezwa hivyo makusudi, ili mtu akiteremka mlima apumzishe miguu. Anayetaka kukifungua lazima aishike sehemu ya ndani, na ya ndani imefichwa na ya nje.

Wazo la tatu lilikuwa moto. Mtu alipendekeza tuweke habu juu ya jiko la mkaa mpaka iwe nyekundu. Mama mkwe akasimama, akalichukua gurudumu, akaingia nalo chumbani kwake. Usiku huo lililala kando ya kitanda chake, na asubuhi yake kijana wetu akaenda shule kwa miguu, akitoka na giza.

Nilimpigia simu shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, anayeishi Mikumi. Yule ni kitinda mimba wa mama mkwe. Alisomea ufundi chuo cha VETA pale pale Mikumi, na sasa anafanya kazi kwenye karakana ya kandokando ya barabara kuu. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akauliza swali moja tu.

"Shemeji, mmeshakata spoki?"

"Bado. Mama amekataa."

"Alhamdulillahi. Msikate hata moja."

Akanieleza, na maelezo yale nikayarudia kwa sauti ili nyumba nzima isikie. Ringi ndio mpini. Ringi la inchi 28 liko zaidi ya sentimita 30 kutoka katikati, na uzi wa friwili hauko hata sentimita mbili kutoka hapo hapo katikati. Ukiibana friwili isitembee, halafu ukashika ringi na kulizungusha, nguvu ya mikono yako inafika kwenye uzi ikiwa imezidishwa zaidi ya mara 15. Hakuna spana mtaani yenye mkono wa namna hiyo. Ukishakata spoki, umeutupa mpini, na unabaki na habu mkononi, kitu cha mviringo kisicho na pa kushika. Hapo ndipo friwili inakuwa haitoki kweli. Watu wengi wanakata spoki kwanza wakidhani wanarahisisha kazi, kumbe ndipo wanapoifunga milele.

Mume wangu alikaa kimya, kisha akaenda chumbani kwa mama yake kuomba gurudumu. Akapewa.

Maagizo ya pili ya shemeji yalihusu kufungua friwili yenyewe ingali kwenye gurudumu. Usoni pake kuna kifuniko chembamba cha duara chenye matundu mawili madogo. Kifuniko kile uzi wake ni wa kushoto: kinafunguka kwa kwenda upande wa mshale wa saa. Ukikipiga kinyume cha saa, kama mkono ulivyozoea, unakikaza. Tukakimwagia mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili chafu, tukakiacha kilale nayo. Kesho yake baba watoto akaegesha msumari mnene kwenye tundu moja, akagonga taratibu kuelekea mshale wa saa. Mapigo mafupi, hayakuwa ya hasira. Kifuniko kikasogea upana wa ukucha, kikasimama, kikasogea tena.

Mama mkwe akaleta sinia kubwa la pilau, akaliweka chini ya gurudumu bila kuambiwa na mtu. Ningependa kila anayefanya kazi hii aweke sinia. Kifuniko kilipotoka, gololi, ndogo kuliko punje ya pilipili manga, zilianza kumwagika kama mvua ya kwanza juu ya bati, nyingine nyeusi, nyingine zimeshakuwa mayai ya kutu. Watoto waliacha mchezo wakaja kuzunguka sinia. Baba watoto akalinyanyua lile duara la meno, likatoka lote zima, na chini yake gololi za mstari wa pili zikafuata za kwanza. Ndani ikabaki pete nene, na kwenye pete ile vipande viwili vya chuma vilivyolala kila kimoja kwenye kitanda chake, nyuma yake springi nyembamba kama unywele. Hivyo vipande viwili ndivyo vilivyokuwa vinalia tiki-tiki-tiki miaka yote. Kimoja springi yake ilikuwa imekatika, kwa hiyo mzigo wote wa gunia lile la mpunga ulikuwa umebebwa na kimoja. Friwili ile ilikuwa inakufa hata kama spoki zisingekatika.

Sasa kilichobaki ni ile pete yenye uzi, imeng'ang'ania habu, na kazi yake ilihitaji jiliwa. Jiliwa Kilosa zipo, kwa wachomeleaji. Mama mkwe akasema hapana. Gurudumu la baba litafunguliwa na mtoto wa baba, yule fundi wa Mikumi. Mume wangu hakuweza kuacha shamba wiki ile, mpunga ulikuwa unasubiri. Nikafunga kitenge kiunoni, nikalibeba gurudumu begani, nikaenda stendi.

Safari ya Kilosa hadi Mikumi inapita Ulaya, na si safari ndefu, lakini ukiwa na gurudumu la inchi 28 unapata muda wa kufahamiana na watu. Konda alitaka niliweke juu ya gari pamoja na magunia. Nilimwambia spoki zilizobaki ni 37 na ringi tayari linayumba. Likikandamizwa huko juu litafika Mikumi likiwa sambusa. Akataka nauli ya mtu mzima kwa ajili yake. Tukavutana, tukaafikiana nusu, nikalishika mbele ya magoti. Mzee mmoja aliyepanda njiani akaitazama habu, akaniomba ruhusa, akaigusa. Alisema alikuwa na Swala, zile baiskeli zilizotengenezwa hapa hapa Tanzania, akaiuza mwaka wa njaa, na mpaka leo akiona habu ya namna ile roho inamwuma. Tulizungumza habari za baiskeli mpaka alipoteremka. Nililazimika kukumbatia gurudumu kila tulipopiga shimo.

Mikumi ni mji wa barabara. Ile barabara kuu inayotoka Dar es Salaam inapita katikati ya hifadhi kwa kilomita kama 50, watu wakiwa ndani ya magari wanaona tembo na twiga bila kulipa kiingilio, kisha inaingia mjini na malori yanasimama. Malori ya Zambia, ya Congo, ya Iringa na Mbeya. Karakana za pale zimezoea springi za lori na vyuma visivyobebeka na mtu mmoja. Shemeji alipotoka chini ya gari moja na kuniona na gurudumu la baiskeli begani, alifuta mikono kwanza, akanipokea, akanisalimia vizuri kabla hajaligusa.

"Salamu za Mama umeniletea?"

"Nimekuletea salamu zake, na gurudumu la baba yako."

Alilizungusha polepole. Akapitisha kidole kwenye ukingo wa ringi, mahali ambapo baba yao alipagonga sana kwenye jiwe kule Rudewa miaka hiyo, akasema bado papo. Kisha akaanza kazi.

Alitoa kwanza ekseli na koni, gololi za habu akazihifadhi kwenye kopo. Akaibana ile pete ya ndani kwenye taya za jiliwa, gurudumu likalala juu kama meza. Akadondosha mafuta pale pete inapokutana na habu. Akawasha gesi ya kuchomelea, akaupitisha moto kuizunguka pete kwa muda mfupi, mkono hautulii mahali pamoja, mpaka mafuta ya zamani yakaanza kufuka. Akazima. Nilimwuliza kwa nini moto wake ni halali na ule wa jiko la mkaa ni haramu. Akasema moto wa kulegeza kutu ni mdogo na unalenga mahali pamoja; moto wa kufanya chuma kiwe chekundu unaondoa ugumu wa habu, na gololi zitaila kwa mwezi mmoja. Nikaridhika, na nilipanga kumweleza mama mkwe kwamba aliposimama na kulichukua gurudumu alikuwa sahihi kuliko sisi wote.

Walishika ringi wawili, yeye na mwenzake, mmoja kaskazini mmoja kusini, wakavuta kuelekea kinyume cha saa wakitazama kutoka juu. Ringi likapinda kidogo. Spoki zikalia kwa sauti nyembamba. Meza ya jiliwa ikateleza sakafuni na friwili haikwenda popote. Wakaigandamiza meza kwa gia boksi ya lori, wakamkalisha kijana mmoja juu yake, wakavuta tena. Hakuna. Dereva mmoja wa lori aliyekuwa anasubiri gari lake akaja, akashika. Nami nikashika. Tulikuwa wanne sasa kwenye ringi moja, na shemeji akasema tusivute kwa kushtua, tuegemee tu, uzito ufanye kazi.

Ikasikika kaa! kama mbao inayopasuka.

Mwenzake aliachia mikono akidhani ringi limevunjika. Shemeji hakuachia. Alisukuma kidogo, gurudumu likatembea robo mzunguko kwa kusuasua, kisha nusu, kisha akalizungusha kwa mkono mmoja mpaka likaachana na jiliwa na kubaki mikononi mwake. Kutu ya rangi ya kahawia ilimwagika kwenye buti zake. Alichukua brashi ya waya, akausugua uzi wa habu, akaufuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, akanionyesha kwenye mwanga wa mlangoni. Nyuzi zote zilikuwepo. Hakuna uliolika, hakuna uliovunjika. Chuma cha Shanghai cha miaka zaidi ya 40 kilikuwa kinang'aa kama sufuria iliyosuguliwa na majivu.

Halafu akanionyesha kitu ambacho sikukitarajia. Aliikwangua ile pete kwa ndani akitafuta mabaki ya grisi. Hapakuwa na hata alama. Aliyeifunga mara ya mwisho, zamani, aliifunga kavu. Mafuriko yalipokuja, maji yalikuta njia wazi. Kama pangekuwa na grisi kiasi cha ncha ya kidole, Mkondoa usingeingia kwenye uzi ule, na sisi tusingepelekana mpaka Mikumi.

Friwili mpya tulikwenda kuinunua pamoja. Muuzaji alitupa mbili. Moja usoni ilikuwa laini, haina pengo lolote. Shemeji aliirudisha bila kuuliza bei, akisema isiyo na pengo haina pa kushika ufunguo, na siku ya kuitoa itavunjwa. Ya pili ilikuwa na mapengo manne, mapana. Akanunua na ufunguo wake, akanikabidhi mimi, si mume wangu, akasema ukae kwenye kabati la vyombo mahali ambapo hautaazimwa. Ya zamani ilikuwa ya meno 18. Akachagua ya 20. Duara la meno la mbele lina meno 48, kwa hiyo zamani ukikanyaga mzunguko mmoja gurudumu linakwenda mizunguko miwili na theluthi mbili. Sasa linakwenda miwili na kitu kama nne ya kumi. Baiskeli imepoteza mbio kidogo, lakini mtu aliyebeba gunia anapanda tuta la reli bila kusimama kwenye pedeli. Kwa nyumba kama yetu hilo ndilo jambo la maana.

Spoki tatu zikaingia kwenye matundu yao, mchana kweupe, bila kizuizi. Akazikaza akilizungusha gurudumu mbele ya kipande cha chaki, mpaka chaki ikawa inagusa ringi pande zote sawasawa. Grisi akaipaka kwenye uzi wa habu kwa kidole, duara nzima, akaipaka na ndani ya friwili. Akaizungusha kwa mkono. Ikaingia laini mpaka ikagota.

Baba watoto alilipokea gurudumu stendi ya Kilosa, akalifunga jioni ile ile chini ya taa, mama yake amekaa kwenye kigoda anamwelekeza cheni ikae wapi. Pande mbili za nyumba zilikuwa zimeisha. Kijana akaenda shule asubuhi akiwa juu ya baiskeli, na mimi nikapeleka mahindi mashineni bila kubeba kitu kichwani. Gharama zote, nauli yangu na ya gurudumu, spoki, friwili, ufunguo na grisi, hazikufika nusu ya bei ya gurudumu zima tuliloambiwa tununue, na hilo jipya lisingekuwa na habu kama ile.

Kwa hiyo nawaomba mafundi wetu wa baiskeli, wa Kilosa, wa Mikumi, wa Kimamba na kwingineko. Mteja akija na spoki zilizokatika upande wa cheni, msimwambie akate gurudumu kabla hamjajaribu jiliwa. Fungueni kifuniko kwa kufuata saa, ibaneni pete ya ndani, zungusheni ringi kinyume cha saa, na msiguse spoki hata moja mpaka friwili iwe mezani. Nawe mwenye baiskeli, ukinunua friwili chagua yenye mapengo, nunua na ufunguo wake, na simama pale pale fundi anapofunga. Hakikisha amepaka grisi kwenye uzi. Akikwambia haina haja, mpe wewe.